Mwizi wa Ampia Sita

Mjomba wangu Haidari haamini kitu mpaka akiguse, na akishakigusa bado anakinusa. Ukimpa chai anauliza majani yamenunuliwa kwa nani. Ukimwambia maji yameanza kujaa, anatoka kwenda kuangalia mwenyewe, na akirudi hasemi kwamba ulisema kweli, anakaa tu. Simu akipigiwa anaiweka sauti ya nje, watu wote wasikie, kesho mtu asije akakana maneno yake. Mkewe Habiba humtania, "Baba Saidy, wewe hata malaika akija kukuchukua utamdai kitambulisho." Naye hujibu bila kucheka, "Na kwa nini asiwe nacho?"

Watu wanasema tabia hiyo ameipata kwenye ufundi wa redio. Mimi nadhani ameipata kwenye dungu.

Alizaliwa huko bondeni kuelekea Utete, ambako watu hulima mpunga kando ya mto na kujenga vibanda juu ya nguzo ndefu, maana mto ukifurika nchi yote inageuka maji. Kibanda hicho ndicho dungu. Alipokuwa na miaka saba kazi yake ilikuwa kukaa juu huko kuangalia nguruwe. Mama yake alikuwa chini anapalilia, haoni mbali kwa sababu ya mpunga. Hawakuitana kwa kelele, kwani ukipiga kelele nguruwe wanakimbilia shamba la jirani na jirani anakuja kugomba. Wakaweka debe chini ya dungu. Haidari akiona nguruwe mmoja, anadondosha kokoto moja. Wawili, mbili. Mama anasikia debe, anajua ni wangapi, anakwenda na mbwa. Mtoto hashuki na mama hapandi. Hata muhogo wa mchana alikula huko huko juu.

Siku moja alidondosha kokoto sita kwa mchezo. Mama yake akakimbia na mbwa shamba zima, hakuna kitu, akajikata mguu kwa jembe la mtu. Mjomba akisimulia kisa hicho hasemi alichapwa vipi. Anasema tu, "Mama hakuniuliza kama ni kweli. Alikwenda."

Ujana wake alishuka mpaka kisiwa hiki chetu cha delta, akakata boriti za mikoko, mpaka vibali vikawa vigumu. Ndipo akaanza kufungua redio mbovu za watu. Za kwanza aliziua. Za baadaye zikaanza kusema. Sola zilipoingia huku delta yeye ndiye alikuwa mtu pekee kisiwani mwenye testa ya kupimia umeme, na ndiyo maana kikundi cha wavuvi wa kamba kilipopata friza kubwa, ufunguo wa kibanda cha betri alipewa yeye.

Kibanda chenyewe kipo hapo diko, pale mitumbwi inapoegeshwa. Ndani kuna betri nne za volti kumi na mbili, zimeungwa moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo zikikaa pamoja zinatoa hamsini na kitu. Asubuhi testa inasoma hamsini na mbili, jua la utosi inafika hamsini na saba. Waya mnene mwekundu unatoka kwenye betri, unapita kwenye kipande cha shaba, unaingia kwenye inveta, na inveta ndiyo inayolisha friza. Ukutani kuna mita ndogo yenye namba nyekundu. Mita hiyo ina nyaya mbili nyembamba, moja kila ncha ya kile kipande cha shaba, na kwa kuangalia tofauti ndogo sana kati ya ncha hizo inajua umeme unaotoka ni ampia ngapi. Friza ikifanya kazi inasoma kumi na tano hivi. Friza ikipumzika inashuka mpaka moja, ile ya inveta yenyewe.

Zaidi ya friza, kikundi kilimruhusu mtu mmoja tu kuvuta waya pale: Kheri kinyozi, taa moja na mashine moja ya kunyolea. Kheri ni mtu wa Ngarambe. Alikuja kisiwani miaka minne iliyopita na mke na kioo, akajenga kibanda chake hatua ishirini kutoka kwenye betri. Watu wanampenda kwa sababu ananyoa vizuri na ana maneno. Lakini ni wa kuja. Hilo huwa halisemwi, linawekwa tu pembeni.

Mwezi wa tatu, unyevu wa chumvi ukaila ile mita. Mjomba akaifungua, akaona kidude cheusi chenye miguu minane kimepasuka. Akakitia mfukoni, akapanda boti mpaka Nyamisati, na kutoka hapo gari mpaka Kibiti, kwa Shedrack, kijana wa Njombe mwenye duka la vifaa nyuma ya stendi. Mambo ya dukani alitusimulia mwenyewe baadaye, wakati hakuna tena la kuficha.

"Fundi, kipo," Shedrack akamwambia. "Chakula chake volti tano."

"Na ile miguu yake miwili ya kupimia inashika ngapi?"

"Hata themanini."

Mjomba akakirudisha juu ya meza. "Kinakula tano, kinashika themanini."

"Ndiyo."

"Kijana, unaniona mimi nimetoka delta leo?"

"Si umetoka leo?"

Walicheka wateja wote, mjomba hakucheka. Alikuwa na sababu yake. Zamani aliwahi kuchukua kidude cha miguu minane kama hicho hicho ndani ya redio, kinachokula tano, akakigusisha kwenye volti kumi na mbili. Kilitoa moshi akiwa bado amekishika. Sasa leo mtu anamwambia themanini!

Shedrack akajaribu. "Kile cha redio kina vilango ndani, mzee. Mguu ukizidi chakula chake, kilango kinafunguka, umeme unajimwaga ndani, kinaungua. Hiki upande ule hawakuweka vilango. Kimetengenezwa kukaa juu. Kifunge moja kwa moja kwenye shaba, usiongeze kitu."

"Sawa," mjomba akasema. Alisikiliza kama anavyosikiliza mtu yeyote anayeuza. Akakinunua kwa kuwa hakukuwa na kingine.

Aliporudi nilimwona barazani na pasi yake ya kuchomelea, mgongo kautupia upande wa njia. Alichofanya ni hiki: mbele ya ile miguu miwili ya kupimia aliweka resista mbili, kila mguu yake moja, ili volti hamsini zisifike na nguvu zote. Moja aliitoa kwenye redio, nyingine kwenye televisheni iliyokufa. Rangi za mistari yake, ambazo ndizo zinazotaja kipimo chake, zilikuwa sawasawa. Akazizungushia utepe mweusi. Alifanya kama tunavyofunga mtumbwi huku kwetu: lazima uache kamba ilegee, kwa kuwa maji yakipanda na kamba imekaza, mtumbwi unazamia pale pale ulipofungwa. Kwake yeye ule ulikuwa ulegevu wa kamba. Hakumwambia mtu.

Mita ikawaka. Friza ilipokuwa inapumzika, namba ikashuka kumi, tisa, nane, ikasimama saba. Mjomba akangoja. Haikushuka tena. Toa moja ya inveta, zinabaki sita.

Alikaa pale na kiti chake siku nzima. Jioni aliporudi nyumbani alinawa mikono, akamwambia Habiba kwa sauti ya chini, "Kuna mtu anatuibia umeme."

"Nani?"

"Anaiba zaidi saa sita, jua likiwa kali. Asubuhi anapunguza."

"Anajua saa," akasema Habiba, na mimi nikaona ameshaanza kuwapitia watu mmoja mmoja kichwani.

Maneno hayo yalizunguka kisiwa chote kabla ya Ijumaa. Wanawake kisimani wakawa wanatazamana simu. "Mwenzetu, simu yako imejaa tangu juzi, unachajia wapi?" Mwenye taa mpya aliizima mapema ili asiulizwe. Watu wakawa wanatembea huku wanatazama chini, wanatafuta waya. Lakini wote mwisho wa safari yao walikuwa wanatazama upande mmoja, kwa Kheri.

Mjomba hakumtuhumu waziwazi. Alikwenda kunyolewa. Alikaa kwenye kiti, akauliza mashine inakula kiasi gani, akatazama chini ya meza kwenye kioo. Baada ya siku mbili akaenda tena.

"Shikamoo mzee Haidari. Umesahau kitu?"

"Marahaba. Nyuma hapa pamebaki."

Kheri akapitisha mashine. Siku ya tano mjomba akaja tena, kichwa kinang'aa kama sahani. Kheri akasimama na mashine mkononi, akamzunguka. "Mzee, leo ninyoe nini? Nyusi?" Waliokuwepo wakacheka mpaka mmoja akaanguka kwenye benchi. Kheri mwenyewe hakucheka sana. Alikuwa ameshaelewa anachotafutwa.

Mwenyekiti wa kikundi ni Sijaona, mwanamke mwenye sauti pana, mumewe alizama, watoto wote amewasomesha kwa kamba. Akaita kikao pale diko, mchana.

"Mimi sitaki minong'ono," akasema. "Mita inasema sita. Kheri, wewe ndiye mwenye waya. Unasemaje?"

"Nasema taa moja, mashine moja, mwenyekiti. Hata zote zikiwaka hazifiki moja."

"Basi tuukate waya wako, tuone."

Wakaukata. Watu wakajazana mlangoni mwa kibanda cha betri wakingoja friza ipumzike. Namba ikashuka. Ikasimama saba.

Hapo ndipo ningedhani wangemwachia. Wapi! Mtu mmoja akasema, "Ana mwingine chini ya mchanga," na wote wakaona ndiyo, bila shaka, mtu mjanja hawezi kuwa na waya mmoja. Wakachimba kutoka kwenye betri mpaka kwenye kiti chake cha kunyolea. Wakapata nanga ya zamani na sandali ya mtoto. Kutopata waya kukawa kosa jipya. "Ameshautoa," wakasema. "Alijua tunakuja."

"Zimeni kila kitu basi!" Kheri akapaza sauti. "Friza izimeni, inveta zimeni, muone kama mita itafika sifuri!"

Lakini ilikuwa bamvua. Maji yanajaa sana na kupwa sana, kamba wanatoka kwa wingi, friza imejaa mpaka mfuniko hauzibi. Sheria ya kikundi ni kwamba wakati wa bamvua swichi haiguswi. Mwaka juzi waliizima dakika kumi tu ikagoma kuwaka, kamba wote wakaoza, na harufu yake mpaka leo ukitaja watu wanashika pua. Sijaona akatazama friza, akamtazama Kheri.

"Tutangoja maji mafu, bahari ikitulia na kamba wakipungua," akasema. "Friza ikishatolewa mzigo na kuoshwa, tutazima kila kitu mbele ya watu wote. Mita ikifika sifuri, tutajua ni nzima na zile sita kuna mtu anazivuta, na huyo mtu ni wewe, kwani mwenye ruhusa ya waya hapa hayupo mwingine. Utafunga kioo chako, utaondoka na mkeo. Diko hili si mahali pa kubishana na mwizi."

"Na isipofika sifuri?"

Lilikuwa swali ambalo halikuwa na mahali pa kukaa.

Siku sita zile mke wa Kheri alikuwa anakunja nguo. Aliziweka kwenye mfuko, akazitoa kumvalisha mtoto, akazirudisha. Alikuwa akipita kwetu kwenda kisimani, anamwamkia Habiba, Habiba anaitikia huku anatazama sufuria. Hakuna mtu aliyekwenda kunyolewa. Mjomba alikuwa anazunguka. Mara mbili nilimwona amesimama mbele ya mita, anainua mkono kama anataka kushika ule utepe mweusi, halafu anaushusha.

Maji mafu yakafika. Asubuhi kamba wote walipelekwa Nyamisati kwenye gari la barafu, wanawake wakaosha friza. Saa nne watu wakajaa. Sijaona akazima friza. Akazima inveta. Mita ikashuka ikasimama sita.

Watu wakapumua pamoja. "Anavuta hata sasa!" mmoja akasema.

Kheri akapenya mpaka mbele. Shati lake lilikuwa limeloa. "Mzee Haidari, una spana?"

"Ninayo."

"Toa waya mwekundu. Sisemi uzime, utoe kabisa. Huu unaotoka kwenye shaba kwenda nje. Utoe kwa mkono wako mwenyewe, nisije nikasingiziwa."

Mjomba akafungua nati. Akautoa ule waya mnene, akauning'iniza hewani watu wote wauone, shaba ya kichwa chake inang'aa. Sasa betri hazikuwa zimeungwa na kitu chochote kilichopo upande wa kutoka. Hakuna njia hata ya sisimizi.

Mita ilisema sita.

Bibi mmoja akaanza kusoma kitu chini chini. Sijaona ndiye aliyesema. "Haidari. Mwizi gani huyu anaiba kwenye waya ambao haupo?"

"Mita ni mbovu," mjomba akasema haraka. "Yule kijana wa Kibiti kaniuzia takataka. Ngojeni, nampigia sasa hivi, mumsikie wenyewe."

Akapiga, sauti ya nje kama kawaida yake. Simu akaishika juu.

"Shedrack! Kidude chako kinasoma sita na waya umetolewa!"

"Umetolewa kabisa?"

"Ninao mkononi, na kikundi kizima kinanitazama."

"Fundi." Sauti ikakwaruza kidogo. "Umeweka kitu mbele ya ile miguu miwili?"

Kidole cha mjomba kilikuwa karibu na kile kitufe chekundu cha kukatia simu. Angeweza kukata. Angesema mtandao umegoma, na huku delta nani angebisha. Nilimwona akimtazama mke wa Kheri, aliyesimama nyuma na ule mfuko kichwani.

"Nimeweka resista," akasema. "Kila mguu moja. Volti hamsini na mbili, mimi ningekiachaje wazi?"

"Mzee, mimi nilikwambia usiongeze! Ile miguu haikai kwenye tano. Imekaa juu kwenye waya mkubwa, na inakunywa huko huko juu, tone dogo sana. Sehemu ya juu inaangalia tofauti ya ncha mbili tu. Haijali kama zote zipo hamsini au zipo ishirini. Halafu inateremsha kijito chembamba cha umeme mpaka chini, na huko chini ndiyo wa volti tano anasoma. Wa chini hagusani na hamsini hata siku moja. Sasa wewe umeipa mirija ya kunywea, na mirija yako haiko sawa. Hata ikizidiana kidogo tu, tone linapita huku kwa shida na kule kwa wepesi, kidude kinaona tofauti ambayo haipo. Jua likikaza volti zikapanda, kinakunywa zaidi, uongo nao unapanda. Si ndiyo?"

"Ndiyo," mjomba akasema. "Saa sita unapanda."

Akashusha simu bila kuaga. Akachukua testa, akaondoa utepe mweusi, akapima resista ya redio, kisha ya televisheni. Mistari ilikuwa ya rangi zile zile. Namba hazikuwa zile zile. Akachukua vipande viwili vya waya, akaviunganisha juu ya zile resista, kila moja chake, ili umeme upite bila kuzipitia. Namba nyekundu ikaruka. Ikawa sifuri, ikakaa sifuri.

Mjomba alitazama ile sifuri muda mrefu. Nadhani hata hiyo hakuiamini mara moja. Halafu akageuka.

"Nilipokuwa mtoto nilikuwa nakaa juu ya dungu," akasema, na watu wakashangaa, maana haikuwa siku ya hadithi. "Nakula huko huko juu. Nikiona nguruwe nadondosha kokoto, mama yangu yuko chini anahesabu, yeye hapandi. Hiki kidude ndivyo kilivyo. Mlinzi yupo juu, anayehesabu yupo chini. Mimi nikaona haiwezekani akae juu hivyo bila kuanguka, nikaenda kumfunga kamba miguuni. Kokoto zote sita nimezidondosha mimi."

"Hakuna mwizi. Hakukuwa na mwizi hata siku moja. Kheri, nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu hawa hawa nakuomba radhi."

Kheri alitoka nje, akamtua mkewe ule mfuko kichwani, akauweka chini. Sijaona ndiye aliyewageukia watu. "Waliochimba mchanga, majembe yapo wapi? Fukieni. Na waya wa kinyozi urudi leo, kabla hamjala." Wakaenda kufukia, wakigombana nani aliyesema kwanza kuna waya chini. Hakuna aliyekumbuka.

Mjomba alibaki na ufunguo wa kibanda. Sijaona alisema mtu aliyekiri mwenyewe kosa lake ni nafuu kuliko kumtafuta mwingine. Lakini tangu siku ile kila mwezi, wakati wa maji mafu, Kheri huitwa kushuhudia waya mwekundu ukitolewa, na yeye ndiye husema kwa sauti namba anayoiona. Mjomba mwenyewe ndiye aliyeomba iwe hivyo.

Kwa Kheri watu walirudi siku ya pili. Mjomba alikwenda siku ya tatu, akasimama mlangoni amevua kofia, kichwa bado kina upara ule ule. Kheri alikuwa ananyoa mtu. Hakugeuka, alimtazama kwenye kioo.

"Mzee, zile nilizokunyoa kwa ajili ya upelelezi sizihesabu. Rudi nywele zikirudi."

Zimechukua wiki saba. Jana mjomba alikwenda, akakuta watu wanne kwenye benchi, akakaa wa tano. Hakuna aliyempisha. Zamu yake ilipofika alikaa kwenye kiti, na macho yake yakaanza kuteremka kwenye kioo, kuelekea chini ya meza, pale waya unapopita.

Kheri akamshika kidevu kwa vidole viwili, akamwinua uso.

"Tazama mbele, mjomba," akasema, akawasha mashine.